Kamba Iliyowazuia Wakimbiaji wa Nemea

Anayesimulia michezo ya Wagiriki wa kale kwa kawaida huanza na mshindi. Mwaka 776 KK, Koroibos, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mpishi kutoka Elis, alishinda mbio fupi kule Olympia, na hesabu ya Olimpiki ikaanzia kwake. Sawa. Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni kazi ya mafundi, na kazi hiyo iko mahali mbio zinapoanzia.

Mstari wenyewe ulikuwa wa mawe, umelazwa sawasawa na udongo, ukikata uwanja kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake mwashi alichonga mifereji miwili sambamba, iliyoachana kwa pungufu kidogo ya shibiri. Mkimbiaji alisimama peku, vidole vya mguu mmoja katika mfereji wa mbele na vya mguu wa pili katika ule wa nyuma, kiwiliwili kimeinama kidogo. Hapo hakuna wa kusogeza mguu nusu hatua akasingizia mchanga.

Tatizo lilibaki kwa mwenye haraka. Aliyechomoka kabla ya wenzake alichapwa fimbo, na hilo halikuwa jambo dogo: kwa Mgiriki huru, kuchapwa hadharani ilikuwa adhabu ya mtumwa. Hata hivyo watu waliendelea kuiba mwanzo, maana tamaa ya ushindi haiogopi fimbo. Ndipo mafundi walipoitwa.

Jaribio la kwanza tunaloliona vizuri liko Isthmia, karibu na Korintho, la karne ya 5 KK, lililofukuliwa na Oscar Broneer katika miaka ya 1950. Ni sakafu ya mawe yenye umbo la pembetatu. Mwanzishaji alisimama ndani ya shimo nyuma ya wakimbiaji, akiwa ameshika kamba 16, moja kwa kila njia. Kila kamba ilipita katika mfereji wake, chini ya vibanio vya shaba nyeusi, hadi kwenye mlingoti uliobeba fito iliyomzuia mkimbiaji. Akiachia kamba, fito zinaanguka. Wazo zuri sana, ila kamba za pembeni zilikuwa ndefu kuliko za katikati, na kila kibanio kiliongeza msuguano. Mtambo huo haukudumu. Ulifukiwa, ukawekwa mstari wa kawaida.

Waliofuata walifikiri upya, na jibu walilichukua vitani. Mitambo ya kurusha mawe ilipata nguvu zake kutoka kwenye kano za wanyama zilizosokotwa hadi zikakaza, na mafundi wa viwanja wakaiga. Katika kila mwisho wa mstari waliweka mlingoti mmoja, shina lake limepenyezwa katikati ya kano zilizosokotwa, tayari kuangukia mbele kwa kishindo kama chuma cha mtego wa panya. Kati ya milingoti miwili zilivutwa kamba mbili mbele ya wakimbiaji, moja usawa wa magoti, nyingine usawa wa kiuno. Mwanzishaji alisimama nyuma yao, wasimwone mkono. Alipovuta, milingoti ilifyatuka pamoja na kamba zikalala chini kwa wote mara moja.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Kamba 16 zimekuwa mbili, na usawa hautegemei tena urefu wa njia ya kila mtu. Katika mbio za leo ilibidi vipaza sauti viwekwe nyuma ya kila mkimbiaji, kwa sababu aliye mbali na bastola husikia mlio kwa kuchelewa. Wagiriki walikwepa sauti kabisa: ishara na kizuizi vilikuwa kitu kimoja, na aliyewahi alijikwaa mwenyewe, bila kusubiri uamuzi wa mtu.

Mabaki ya mtambo wa aina hii yapo Nemea, ambako uwanja una urefu wa karibu mita 178, kwa kuwa futi 600 za Nemea zilikuwa fupi kuliko futi 600 za Olympia, zinazofika mita 192. Mwaka 1993 wanaakiolojia Panos Valavanis na Stephen Miller waliunda upya mtambo huo hapo hapo, ukafyatuka. Tangu 1996 mbio hufanyika tena katika uwanja huo, kwa kawaida kila baada ya miaka minne. Hazidai rekodi wala umri fulani. Anayejiandikisha huvaa kanzu fupi, huvua viatu, na husimama nyuma ya kamba.