Istilahi za Mitambo ya Kujaribia Goti: Uhakiki

Katika makala haya twakusudia kuhakiki istilahi tatu zitumikazo kueleza mitambo ya maabara ya kujaribia goti la binadamu. Istilahi yenye maana mbili, ikiingia katika maelezo ya mtambo, yaweza kuharibu jaribio zima.

Ya kwanza ni kano. Katika mazungumzo neno hili hutajwa kwa utando mgumu uunganishao msuli na mfupa, na pia kwa ule uunganishao mfupa na mfupa. Na tuutazame mtambo uliobuniwa Oxford, Uingereza, kwa ajili ya magoti ya maiti. Goti hukunjwa kana kwamba mtu anachuchumaa, uzito huwekwa upande wa nyonga, na kano ya msuli wa mbele wa paja huvutwa ili goti lisiporomoke. Ligamenti hazivutwi hivyo. Kazi yake ni kuizuia mifupa isiachane. Fundi akiandikiwa tu kwamba afunge waya kwenye kano, ataufunga wapi? Twaona kano ibaki kwa utando wa kwanza, na ligamenti, ingawa ni neno la kukopa, itumike kwa wa pili.

Ya pili ni mzunguko. Kanuni za kimataifa za ISO 14243 hutaka goti bandia lijaribiwe mizunguko milioni 5, mmoja kwa kila sekunde. Yaani karibu siku 58 bila kusimama. Katika jaribio hilo hilo muundi nao huzunguka nyuzi chache juu ya mhimili wake, na huo nao huitwa mzunguko. Msomaji hajui kama ahesabu hatua au apime pembe. Twapendekeza duru kwa hatua, na mzunguko kwa pembe.

Ya tatu ni digrii sita za uhuru. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Digrii tayari ina kazi chuoni na katika kipimajoto, na uhuru una kazi kubwa zaidi. Maana yenyewe ni nyepesi: muundi waweza kuzunguka kwa namna tatu na kuteleza kwa namna tatu, kama walivyoeleza Grood na Suntay mwaka 1983. Miendo sita yatosha.

Hata hivyo, hatusemi kila neno likopwe au libuniwe upya. Pia ya goti, gegedu na muundi ni maneno yetu, nayo hayamchanganyi mtu. Hapana haja ya kuyaacha ili tuonekane wataalamu.

Goti bandia hukaa mwilini mwa mtu kwa miaka mingi. Kabla halijafika huko, fundi husoma maelezo na kuyafuata. Hapana budi maelezo hayo yawe na maana moja tu. Twawaomba wasomaji, hasa matabibu na wahandisi, watuletee hoja zao.