Sifa za Fundi wa Boila

Katika kazi zote za mikono ambazo watu wa Uingereza huzitegemea pasi na kuzitaja, naiona kazi ya fundi wa boila la gesi kuwa miongoni mwa zinazostahili sifa kubwa, hususan anapoitwa siku ya zamhariri kwenye nyumba ambayo boila lake huwaka kitambo likazimika, likawashwa tena likazimika tena, hata radiata zote zikapoa na watoto wakalala na makoti yao. Mswahili aliyehamia huko kutoka Unguja, aliyezoea kulikimbia joto, huijua thamani ya fundi huyu mapema kuliko alivyotarajia.

Asiyejua mambo hudhani kwamba boila lizimikalo ni bovu. Fundi hujua kwamba aghalabu limetii amri. Maana kabla gesi haijaruhusiwa, feni sharti izunguke kuutoa moshi kwenye dohani, na swichi ya hewa ithibitishe kwamba njia i wazi; ndipo cheche hupigwa na vali hufunguka, kisha, katika sekunde chache, lazima ipatikane yakini ya kuwa moto upo. Ushahidi wenyewe hunistaajabisha kila niufikiripo: moto hupitisha umeme, tena hupitisha upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo umeme wa kwenda na kurudi uingizwapo kwa ncha ya chuma iliyo ndani ya moto, huzaliwa mkondo wa upande mmoja, mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za ampea, na kwa mkondo huo dhaifu vali hubaki wazi. Ncha ikifunikwa na utando, au waya wake ukalegea, ushahidi hutoweka, na gesi hufungwa ilhali moto ulikuwa ukiwaka barabara.

Basi stadi wa kweli hakimbilii kubadilisha vipuri. Hukaa mbele ya boila kama kadhi asikilizaye mashahidi, akalitazama likiwaka na likizimika, kwani wakati wa kuzimika ndio unaosema kwanza. Likizimika mara tu baada ya cheche, huishuku ncha ile, au gesi isiyofika kwa nguvu yake; likiwaka vyema kisha likapanda joto upesi na kujifunga, huyashuku maji yasiyozunguka, ama kwa pampu iliyokwama, ama kwa hewa iliyonaswa, ama kwa lile tope jeusi ambalo chuma cha radiata hulizaa kinapoliwa na kutu.

Ipo ila nyingine ambayo baridi yenyewe huileta. Tangu Aprili 2005 maboila mapya ya gesi nchini Uingereza, isipokuwa kwa udhuru maalumu, sharti yawe ya namna ivunayo joto hata katika mvuke wa moshi wake, mvuke ambao hugeuka maji yenye uchachu kidogo yakatiririka kwa bomba la plastiki. Bomba hilo likipitishwa nje ya ukuta huweza kuganda, maji yakarudi nyuma, boila likajifunga. Ndivyo nyumba nyingi zilivyokosa joto katika Desemba 2010, siku zile zile watu walipolihitaji mno. Fundi mwenye pupa huiyeyusha barafu ya bomba kwa maji ya vuguvugu akaenda zake. Fundi mwema huliondoa bomba lenyewe, akaweka lililo pana zaidi, lenye mteremko, fupi kadiri iwezekanavyo huko nje, akalivika kinga. Tofauti ya wawili hao haionekani mpaka baridi ya mwaka wa pili, nami kwa tofauti hiyo ndipo humpima fundi.

Kazi hii ni amana ya roho za watu. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point mjini London, gesi ilivuja kwenye nati duni ya bomba la jiko, ikalipuka, pembe nzima ya jengo ikaporomoka na watu wanne wakafa. Leo sheria haimruhusu mtu kuifanya kazi ya gesi kwa malipo asipoandikishwa katika daftari la Gas Safe, lililoanza mwaka 2009. Na sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo moto huizaa ukikosa hewa, isiyo na rangi wala harufu, haimpi mlalaji fursa ya kuamka. Kwa hiyo mwenye nyumba, kwa kuchoshwa na baridi, anapomsihi fundi aunganishe nyaya na kuiruka swichi ya hewa ili walau usiku mmoja upite, fundi hukataa kwa upole, huifunga gesi, hueleza kwa nini, kisha huifungua dohani kutafuta kinachoizuia hewa.