Ordinateri ya kwanza: Core i5 haijui jua la Bijombo

Wandugu, kila mwaka wakati wa memwari swali linarudi: nina makuta kidogo, ninunue ordinateri gani ya kwanza? Na jibu ni lilelile: tafuta Core i5, RAM 8, disko 500, okazio ya Ulaya, basi. Kwa siye wa Bijombo, naona jibu hilo halifai. Limetungwa na mtu mwenye prizi ukutani.

Kwanza, Core i5 ni jina la familia, haliwezi kukuambia nguvu ya mashine. Kuko i5 ya 2011 na kuko i5 ya 2018, na hizo mbili hazifanani hata kidogo. Muuzaji anasema jina, mwaka anaunyamazia.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kusahau umeme. Agronome hasifu mbegu kabla ya kuuliza udongo. Huku juu waya wa umeme haufiki, kuko pano ya jua na betri. Tuhesabu kidogo. Pano ya wati 50, jua zuri la saa 4, ni wati-saa 200. Ukitoa zinazopotea njiani, zinabaki kama 140. Taa na simu za nyumba nzima zinachukua zake, tuseme 60. Ordinateri inabakiwa na 80. Mashine kubwa ya zamani, inayokula wati 20 na kupitia konvetiseri, itakupa saa 3 hivi. Mashine ndogo ya wati 8, inayochajiwa moja kwa moja toka betri ya volti 12, itapita saa 8. Na siku ya ukungu (tunaijua ile ya msimu wa mvua) ya kwanza imezima, ya pili bado unaandika.

Kuko watu waliofikiri hivyo zamani. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza ordinateri ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Ile XO ilikuwa nzuri kwa mahali kama kwetu: ilikula wati chache, haikuwa na feni wala disko ya kuzunguka, na kioo chake kilisomeka juani. Bei ndiyo ilikataa; 2007 ilikuwa imekaribia dola 200. Tena iliuzwa kwa serikali, kwa maelfu. Jirani zetu Rwanda walipata zaidi ya 200.000 kwa shule zao. Siye, mtu wa kwenda dukani na makuta yake mkononi, hatukuwa kwenye hesabu. Na RAM ya MB 256 isingebeba memwari yako leo. Mimi nasifu mashine, silisifu soko lake.

Kwa hiyo ukishuka Uvira kununua, chukua mawazo ya XO. Tafuta ndogo, ya inchi 11 au 12, yenye SSD. Disko ya kuzunguka haipendi pikipiki na mawe ya njia ya kupanda. Uzito pia uuangalie: kwetu tunajua siku ambapo mtu anabeba tu kile mgongo unaweza kubeba. Shajeri isome volti na ampe. Ukizidisha utapata wati za juu kabisa inazoweza kutoa. Ya 45 inanipendeza kuliko ya 90.

Betri njo moyo wa jambo. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakuonyesha ujazo betri iliyozaliwa nao na ujazo iliyobakiwa nao. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, punguza bei au uache.

Kuhusu Windows: ile ya 10 Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, na ya 11 inakataa mashine nyingi za kabla ya 2018. Njo maana Ulaya wanaziachilia na bei inashuka. Usiogope. Linux Mint ni ya bure, na LibreOffice inatosha kwa memwari na majedwali ya mavuno. Ila mwombe mwenye intaneti nzuri mjini akuwekee kabla hujapanda.

Na muuzaji akikataa uijaribu nusu saa bila shajeri, mshukuru, uingie duka linalofuata.