Mumiani Hana Meno

Mwaka 2017 ulianza kutolewa Marekani mfululizo wa hadithi za picha uitwao Redneck, ulioandikwa na Donny Cates na kuchorwa na Lisandro Estherren wa Argentina. Ndani yake mna ukoo wa wanyonya damu ambao wameapa kutomnyonya mtu. Akina Bowman wanaishi nje ya mji mdogo mashariki mwa Texas. Huchinja ng'ombe, nyama huichoma na kuwauzia watu wa mjini, na damu hujiwekea wenyewe. Usiku mmoja vijana wa nyumba hiyo wanakwenda mjini kujiburudisha, mmoja wao anauawa, na uhasama wa kale baina yao na ukoo wa Landry unafufuka.

Jina lenyewe ni mtihani kwa mfasiri. Ni tusi wanalotupiwa Wazungu mafukara wa mashamba, ambao shingo zao zimebabuliwa na jua. Kiswahili kina "mshamba", lakini mshamba hana shingo, na shingo ndipo mnyonya damu aumapo. Ukisema "Shingo Nyekundu" umeipata shingo, ila tusi limekuponyoka.

Estherren hachori kwa mistari safi. Wino wake ni wa mikwaruzo, nyuso zimeparuriwa kama ubao wa zamani, na usiku wa Texas umejaa vumbi jekundu. Ni sanaa ya mahali pakavu, na ndiyo sababu msomaji aliyekulia Nachingwea au Ruangwa, penye udongo mwekundu na mikorosho, hataona tabu kuingia katika kurasa hizi. Barabara ya vumbi, duka moja, kila mtu kumjua mwenziwe na kila mtu kumchunga mwenziwe: hayo anayajua. Atakaposimama ni kwenye damu. Kwa watu wa mwambao na wa kusini, ambao wengi wao ni Waislamu, damu ya kichinjwa humwagwa ikaingia ardhini, wala hakuna anayeuliza imekwenda wapi. Nyumba inayoikinga damu kwa ndoo imekwishajishtaki kabla jino halijaonekana.

Ila msomaji huyo atashangaa pia kwamba wanyonya damu hawa ni watu wa nyumba moja, wenye mababu na watoto. Mumiani si ukoo. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939, inalieleza neno hilo kuwa ni dawa nyeusi mfano wa gundi, isemwayo kutoka Uajemi, ya kutibu mifupa iliyovunjika. Kisha inaongeza kwamba wengi huamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na uvumi ukizuka watu hawatoki nje baada ya magharibi. Basi mumiani alianza kuwa bidhaa, ndipo akawa mtu, na hata alipokuwa mtu alibaki mwajiriwa. Hana meno, hana kaburi, haogopi jua. Ana gari, ana vifaa, na mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi huu Afrika Mashariki na ya Kati, aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito uliostahili: wazimamoto wa Nairobi na Kampala waliosemwa kunyonya damu walikuwa watu wenye sare, zamu na bosi. Swali la msimulizi wa Kiswahili halikuwa "nani ameumwa?" bali "nani ananunua?"

Kwa swali hilo, Nachingwea ni uwanja ulio tayari. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliuleta huko, kama walivyoupeleka Kongwa na Urambo, mradi wao wa karanga, pamoja na matrekta ya kung'olea misitu. Mwaka 1951 ukafutwa, baada ya kula zaidi ya pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kuiunganisha Nachingwea na bandari ya Mtwara ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960 na kung'olewa. Wageni wenye mitambo wakaja, wakageuza ardhi, wakaondoka bila ya karanga na bila ya maelezo ambayo mkulima angeweza kuyaamini.  Kwa jirani, Ruangwa, wanaokuja ni wapimaji wa madini ya kinywe, wakiwa na nyundo na mifuko ya sampuli.

Hapo ndipo mzaha unapokoma. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliokwenda kuchukua sampuli za udongo, waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Gari lao lilichomwa moto. Mwaka uliofuata, mwaka ule ule wa Redneck, uvumi wa namna hiyo uliua watu kusini mwa Malawi, hata Umoja wa Mataifa ukawahamisha baadhi ya watumishi wake. Mchoraji wa Marekani anaweza kumchora mnyonya damu apendavyo, kwani hakuna mpita njia wa Texas atakayepigwa mawe kwa ajili ya mchoro. Anayemchora mgeni mwenye gari na mfuko katika kijiji cha Ruangwa hana uhuru huo.

Na ni kwa kipimo hicho Redneck inapata sifa yake kubwa na ila yake kubwa. Sifa ni kwamba hadithi inasimuliwa kutoka ndani ya nyumba ya mshukiwa. Bartlett, mmoja wa wakubwa wa ukoo, ndiye anayetueleza, na tunayasikia mawe yakigonga ukuta tukiwa upande wake. Masimulizi ya mumiani ni nadra kufanya hivyo: mara nyingi husimuliwa na aliyekimbia, si na dereva aliyebaki garini. Ila yake ni kwamba akina Bowman ni wanyonya damu kweli. Mji unaowashuku hauna haki katika vitendo vyake, lakini haujakosea katika dhana yake, na hivyo Cates anajiepusha na jambo gumu zaidi alilokuwa nalo mkononi. Mtoto Perry, asomaye mawazo ya watu, angeweza kuwa tundu la kuchungulia kosa hilo, lakini mara nyingi anatumiwa kuharakisha kisa tu.

Hadithi za picha za Kiswahili zilizosomwa sana, kama zile za Sani na akina Ndumilakuwili na Madenge, zilikaa mjini na zilitaka kuchekesha, na zilifanya hivyo vizuri. Kutisha zilikuachia vinyago. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, alichora mashetani yenye masikio makubwa na midomo iliyobwatama, yakicheza, yakigombana, yakisukumana kama watu walio kwenye foleni. Mkono kama huo, ukipewa gari moja lililokwama kwenye matope ya Ruangwa, wapimaji watatu ndani yake na kijiji kizima kikija na mienge, usingehitaji kuchora jino hata moja.