Uhuru Usiotajwa: Khadja Nin na Kiswahili cha Mwambao wa Tanganyika

Mwaka 1996, Khadja Nin wa Burundi aliuimba kwa Kiswahili wimbo "Free" wa Stevie Wonder. Jina la toleo lake, "Sina Mali, Sina Deni", halitaji uhuru kabisa. Hapo ndipo penye uzito. Neno "uhuru" limekwishachoshwa na hotuba. Mali na deni ni maneno ya kila siku kwa muuza mawese au ndagala wa Rumonge, na ukanushi unaorudiwa unalipa jina hilo mizani ya methali. Sheria ya lugha ya 2014 iliongeza Kiingereza kando ya Kirundi na Kifaransa kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikaachwa. Wanaokiita lugha ya biashara tu hawakosei sana, ila wimbo huu umeichota falsafa yake sokoni humo humo.