Kioo Kidogo Mbele ya Lenzi Ndefu

Anayetaka kupiga picha za wadudu huambiwa kwanza anunue lenzi ya makro, na akisikia bei hukata tamaa. Waliomshauri hawakosei, ila wamemwanzishia mwisho. Lenzi ya zoom ya milimita 55 hadi 250, ambayo wengi huiuza kwa bei ya kutupa wakishapata kubwa zaidi, ikifungwa kioo cha kukuza mbele yake inatosha; na kwa kiumbe hai huishinda lenzi fupi ya makro.

Kioo hicho hupimwa kwa diopta, kama miwani. Gawanya 1,000 kwa diopta zake, utapata umbali wa milimita kati ya kioo na mdudu lenzi ikiwa imefokasi mbali kabisa: diopta 4 ni robo mita. Uvute zoom usivute, umbali ni huohuo. Kinachoongezeka ni ukuzaji. Kwenye lenzi ya milimita 50 kioo hicho hutoa taswira ya moja ya tano tu ya kitu. Kwenye milimita 250, taswira hulingana na kitu chenyewe. Mirija mitupu ya kurefusha lenzi hufanya kinyume: inafaa lenzi fupi, na kwa ndefu haina msaada mkubwa, tena inakula mwanga.

Robo mita hiyo ina thamani. Kando ya Ziwa Victoria yupo buibui mrukaji, Evarcha culicivora, apendaye kula mbu walioshiba damu. Ana milimita 5 hivi, na macho makali: ukimkaribia mno amekwisha ruka. Kwa umbali huo hujamzibia mwanga, naye hujaza karibu robo ya upana wa picha katika kamera ya kihisi cha APS-C. Nywele za usoni zinahesabika.

Wapo watakaosema kioo cha nyongeza huharibu picha. Kile cha tabaka moja, ndiyo: huacha ukingo wa zambarau na pembe zilizofifia. Lakini vipo vya tabaka zaidi ya moja, zilizounganishwa kurekebisha rangi, kama Canon 500D ya diopta 2 au Raynox DCR-150 ya diopta 4.8, na hapo ndipo pesa iende. Pembe bado zitalegea kidogo. Kwa vitu bapa kama stempu au noti, ninakubali, lenzi ya makro haina mpinzani. Lakini buibui hakai pembeni mwa picha. Ama ule wembamba wa sehemu iliyo kali, isiyofika hata milimita moja kwa tundu la f/8, mwenye lenzi ghali anao vilevile. Dawa yake ni mkono: acha fokasi ilipo, sogeza mwili mbele na nyuma taratibu, ubonyeze macho yanapong'aa. Ufundi huo hauuzwi dukani.

Basi kabla hujauza zoom yako, tazama ndani ya mfuniko wake, ambamo mara nyingi kipenyo cha mdomo wa lenzi kimeandikwa, ukatafute kioo cha tabaka zaidi ya moja kinachoufaa.