Mwanga Kukabidhiwa Kinundu: Uamuzi Uliosahau Kina

Tiba ya mwanga kwa saratani ya ngozi hutegemea vitu vitatu: dawa inayokusanyika ndani ya seli za uvimbe, mwanga wa rangi inayoiamsha dawa hiyo, na oksijeni. Krimu ya methili aminolevulinati hupakwa na kufunikwa kwa saa 3, seli huigeuza kuwa protopofirini, kisha taa nyekundu huwashwa. Oksijeni inayochochewa hapo ndiyo inayoua seli. Kwa madoa ya jua yanayotangulia saratani, na kwa ugonjwa wa Bowen, yaani saratani ya seli bapa ambayo bado haijazama, kazi hiyo imefanyika vizuri.

Kosa lilitendeka pale tiba hii ilipokabidhiwa kinundu. Saratani ya seli za basali ina aina ya juujuu, inayotandaa karibu na uso wa ngozi, na aina ya kinundu, inayoshuka chini. Vibali vya Ulaya viliruhusu krimu itumike kwa zote mbili, pale tiba nyingine zilipohofiwa kuharibu sura. Marekani, ilipoipitisha mwaka 2004, iliishia kwenye madoa ya jua, na busara ilikuwa upande wake. Tiba hii hutegemewa hadi kina cha takriban milimita 2. Chini ya hapo dawa ni haba na mwanga umefifia, ilhali kinundu kinaweza kuendelea kushuka.

Jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka huohuo wa 2004 linaonyesha jinsi uamuzi wa kumulika vinundu ulivyoweza kupendeza. Vinundu vya kundi moja vilikatwa kwa kisu. Vya kundi la pili vilikwanguliwa, vikapakwa krimu, vikamulikwa mara mbili kwa nafasi ya wiki moja. Baada ya miezi 3 vinundu vilivyokuwa vimetoweka vilikuwa asilimia 91 upande wa mwanga na asilimia 98 upande wa kisu. Tofauti ikaonekana ndogo, na uzuri wa ngozi iliyomulikwa ukaongeza mvuto. Lakini miezi 3 si muda wa kuihukumu saratani ya basali. Hukua polepole, na masalia yaliyofunikwa na ngozi iliyopona huhitaji miaka kujitokeza. Ilipofika miaka 5 vinundu vilivyotoweka bila kurudi vilikuwa asilimia 76 kwa mwanga na 96 kwa kisu. Uholanzi, ambako vinundu vilimulikwa kwa kutumia asidi ya aminolevuliniki, pengo lilikuwa pana zaidi: tiba ilishindwa kwa asilimia 30.7 katika miaka 5, dhidi ya 2.3 kwa upasuaji.

Watetezi husema kukwangua kabla ya kumulika huondoa tatizo la kina. Hakuliondoi. Anayekwangua huongozwa na hisia za mkono, wala hajui amebakiza nini. Daktari wa upasuaji hupeleka kipande kizima maabara, na darubini humwambia kama kingo ni safi. Baada ya kumulika hakuna kingo za kuchunguza. Hubaki jicho na picha, na picha ya uso wa ngozi haionyeshi kilichobaki chini yake.

Wakongwe waliielewa hoja hii mapema. Niels Finsen, aliyetibu kifua kikuu cha ngozi mjini Copenhagen na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, alijua kwamba damu humeza mwanga. Akaigandamiza ngozi kwa lenzi ya kwatzi iliyopozwa kwa maji, damu ikasogea, mwanga ukapenya zaidi. Kina kilikuwa swali lake la kwanza. Frederic Mohs wa Wisconsin, kuanzia miaka ya 1930, alikata saratani tabaka kwa tabaka, akachora ramani ya kila kipande na kukichunguza kwa darubini hadi pasibaki seli mbaya. Hakuridhika na uso uliopona.

Hata kwa aina ya juujuu, taa haikuongoza. Katika jaribio la Uholanzi lenye wagonjwa 601, waliobaki bila uvimbe baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 80.5 kwa krimu ya imikwimodi, 70.0 kwa fluorourasili, na 62.7 kwa mwanga. Krimu hizo mbili mgonjwa hujipaka mwenyewe nyumbani.

Somo hili linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Watu wenye ualbino nchini Tanzania huugua zaidi saratani ya seli bapa, na wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshazama. Saratani ya seli bapa iliyozama si ya kumulikwa. Taa huipa nafasi ya kusambaa. Kinyama kichukuliwe kwanza, aina itambuliwe, unene upimwe. Uvimbe wa juujuu unaweza kumulikwa, mgonjwa akijua takwimu zake. Kinundu kikatwe.